Sura ya Sita: Marais Wanne, Maikrofoni Moja

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga, aliwakusanya waandishi wa habari mjini Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, akawatangazia kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walitoroka kizuizini, wanakijiji wakawatambua, wakawaua. Kijiji hakukitaja. Walikozikwa hakusema. Kisha akaongeza kwamba anajua dunia itawatuhumu yeye na wenzake kuwa ndio wauaji, na jibu lake kwa watakaosema hivyo ni moja: leteni ushahidi.

Watu hao watatu walikuwa wamekwisha kupigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, karibu wiki nne nyuma, huko Shilatembo nje ya mji, mbele ya viongozi wa Katanga, Munongo mwenyewe akiwamo. Ushahidi alioudai ulichukua miaka arobaini kukusanyika. Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu chake mwaka 1999, tume ya bunge la Ubelgiji ikatoa ripoti mwaka 2001, na mwezi wa Juni 2022 jino, kipande pekee cha mwili wa Lumumba kilichosalia, likarudishwa Kongo na kuzungushwa nchini, hadi Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Mwandishi aliyekaa mbele ya Munongo siku ile angefanya nini? Angeweza kuandika kwamba waziri ametangaza kifo, na habari ingekuwa sahihi kabisa. Angeweza pia kueleza waziri alivyokataa kutaja kijiji, na alivyojitetea kabla hajashtakiwa. Habari zote mbili zinatoka katika chumba kimoja na maneno yale yale, lakini ya pili ndiyo inayompa msomaji harufu ya moshi. Kwa maoni yangu, kila mwandishi wa siasa aliyeshika maikrofoni Lubumbashi tangu siku ile amekuwa akikaa katika chumba hicho, mbele ya mkubwa anayesema jambo ambalo kila mtu anajua si hivyo.

Basi tumchukue mtu mmoja tumfuate. Simpi jina kwa kuwa hayupo. Nimemtengeneza mwenyewe awe kipimo cha sura hii, ili tuone kazi ya mtangazaji wa siasa katika mji huu inapita wapi. Tuseme amezaliwa mwaka 1950 katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini, baba yake mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe anapotangaza uhuru wa Katanga, ana miaka kumi, na redio ya jirani inasikika hadi uani. Televisheni ya taifa inaanza Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966, siku moja kabla ya Mobutu kutimiza mwaka mmoja madarakani, naye yuko shule ya sekondari. Anaingia kituo cha serikali cha mkoa mwaka 1972, akiwa na miaka ishirini na miwili, sauti nzuri, Kifaransa safi.

Mwaka huo wa 1972 si mwaka wa kuingia kazini kwa utulivu. Nchi imeitwa Zaire tangu Oktoba 1971. Katanga inaitwa Shaba. Majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, kwa hiyo jina alilopewa na mapadri linabaki mlangoni, na kwenye skrini anatokea kwa majina ya babu zake. Suti na tai ni vitu vya mkoloni, anavaa abakosi, koti lisilo na tai. Wageni anaowahoji si bwana wala bibi, ni sitwayeni, yaani raia. Hajasoma hata habari moja, na tayari televisheni imekwisha kumtangaza yeye kama habari.

Taarifa ya habari ya jioni ilianza na picha ambayo hakuna mtu wa rika lake anayeisahau. Uso wa Mobutu ulijitokeza mawinguni na kushuka kuelekea kwa watazamaji, kama mjumbe wa mbinguni. Baada ya hapo zilifuata habari, yaani Rais alimpokea nani, alisema nini, alishangiliwa wapi. Mapema mwaka 1975 ilifika hatua vyombo vya habari vikakatazwa kumtaja kwa jina kiongozi yeyote isipokuwa Mobutu. Gavana akawa gavana tu, waziri waziri tu. Hebu fikiria ugumu wa kazi hiyo. Mwandishi wa siasa ambaye nchi yake ina jina moja tu la mwanasiasa hana siasa ya kuandika. Anabaki kuwa karani wa sherehe.

Habari kubwa zilisomwa kwa Kifaransa, kisha zikarudiwa kwa Kiswahili, kile kinachoitwa Lubumbashi Kiswahili bora, chenye sarufi ya vitabuni ambayo hakuna anayenunulia nayo unga sokoni. Mtu wa komini ya Katuba alikuwa anatangaziwa siasa kwa lugha mbili na zote mbili hazikuwa zake.

Aliyekuja kwa lugha yake alikuwa mchekeshaji. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijulikana mjini kwanza redioni, kisha kwenye televisheni. Kiswahili chao kilikuwa cha mitaani, chenye maneno ya Kifaransa na ya lugha za vijijini, kile ambacho mama anamgombezea mtoto. Hawakuwa na maandishi ya mchezo. Waliketi pamoja, wakakubaliana juu ya kisa, nani atakuwa nani na onyesho lipi litatangulia, kisha kila mmoja akatunga maneno yake palepale, mbele ya watu au mbele ya kamera.

Tunajua mengi kuhusu namna yao ya kufanya kazi kwa sababu ya mtu mmoja. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970 na baadaye Amsterdam, alirudi mjini mwaka 1986. Siku moja mezani aliwekewa firigisi ya kuku, na kwa adabu ya kwao akataka kuigawa na wenzake. Akaambiwa haigawanywi, madaraka huliwa mazima. Msemo ukamkaa kichwani. Alipowauliza watu wa Mufwankolo maana yake, hawakumjibu kwa maelezo ya mwalimu. Waliufanya mchezo. Fabian akawafuata na kinasa sauti tangu mjadala wa kwanza, mazoezi, hadi onyesho katika kijiji cha Kawama na filamu iliyopigwa kwa ajili ya televisheni. Mchezo wenyewe ni wa kijiji, chifu wake na watu wake, na utawala unavyoyumba. Mwaka 1990 alichapisha yote katika kitabu, Kiswahili kilivyotamkwa pamoja na tafsiri yake.

Zingatia mwaka. Mwaka 1986 Mobutu alikuwa na miaka zaidi ya ishirini madarakani, na chama kilikuwa kimoja. Katika nchi hiyo, televisheni ya serikali ikaruhusu watu waketi na kujadili iwapo madaraka yanagawanyika au hayagawanyiki, mradi anayejadiliwa ni chifu wa kijijini mwenye kofia ya ngozi. Hakuna aliyetajwa. Hakuna aliyehitaji kutajwa. Unaweza kusema mchezo ulimtetea mkubwa, kwa kuwa ulihubiri utii na utaratibu. Unaweza pia kusema ulimvua nguo. Hapo ndipo palipokuwa na usalama wa kundi lile, kwamba polisi na mtazamaji waliweza kucheka pamoja na kila mmoja akaondoka na mchezo wake.

Kwa hiyo ninasema, na najua wapo watangazaji wastaafu watakaonuna: mwandishi wa siasa aliyefanya kazi kwa muda mrefu kuliko wote kwenye televisheni ya Lubumbashi wakati wa Mobutu hakuwa na kitambulisho cha habari. Alikuwa Mufwankolo. Wa pili wake hakuwa hata kwenye televisheni. Alikuwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha 101 miaka ya 1973 na 1974, kifo cha Lumumba kikiwamo, wakati mtu wetu wa kipimo anasoma orodha ya waliompokea Rais uwanja wa ndege.

Turudi kwake. Tarehe 24 Aprili 1990 ana miaka arobaini. Kutoka N'Sele, nje ya Kinshasa, mbele ya kamera, Mobutu anatangaza mwisho wa chama kimoja, na machozi yanamtoka. Katika hotuba hiyo hiyo anawaruhusu raia kuvaa tai tena, ingawa yeye mwenyewe, anasema, hataonekana nayo. Kwa mtangazaji wa televisheni, ruhusa hii si mzaha. Ndiyo sehemu ya mageuzi anayoweza kuijaribu kesho jioni, mbele ya watazamaji, aone kama atafukuzwa.

Haikuchukua hata mwezi. Usiku wa tarehe 11 Mei wanafunzi walishambuliwa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Serikali ilikubali kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, wengine zaidi, na idadi inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ikasitisha misaada, gavana wa mkoa akahukumiwa, magazeti ya Brussels yakaandika kurasa kwa kurasa. Mabweni yale yako mji ule ule ulio na kituo cha mkoa. Mtu wetu angeweza kuingia kwenye gari na kufika huko kabla chai haijapoa. Uhuru wa tai haukuwa bado uhuru wa kwenda kuangalia.

Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofunguliwa Agosti 1991, redio na televisheni zilirusha vikao vyake, na kwa mara ya kwanza Wazaire wakasikia wakubwa wakihojiana hadharani. Wengi wanaokumbuka miaka hiyo wanaikumbuka kama sikukuu. Katanga iliikumbuka vingine. Tarehe 15 Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa mkoa alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, msemaji wa kuwasha moto, na watu wenye asili ya Kasai waliozaliwa na kukulia migodini wakaitwa bilulu, wadudu. Neno hilo lilisikika kwenye mikutano, na likapita hewani pia. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Huko Likasi na Kolwezi walilala stesheni kwa wiki na miezi wakisubiri treni, na wengine walifia hapo hapo.

Hapa kipimo chetu kinavunjika vipande viwili, na inabidi niseme kitu nilichokiacha makusudi. Sikueleza baba yake alitoka wapi. Union Minière iliajiri wengi kutoka Kasai, na mtoto wa mmoja wao angeweza kuzaliwa Kenya, kucheza Kenya, kuoa Kenya, na asiwe ameiona Mbuji-Mayi hata siku moja. Kama baba yake ni mmoja wa hao, basi kazi ya mtangazaji huyu inaishia mwaka 1993, juu ya mizigo yake, na sura hii ingefungwa hapa. Kama baba yake ni mtu wa Katanga, yuko studio, na swali linalomkabili ni la kutisha kuliko lolote alilopewa na Mobutu. Zamani alilazimishwa kumsifu mtu mmoja. Sasa anapewa hotuba inayowataja jirani zake.

Sijui kama kuna somo la uandishi linalofundisha jambo hilo vizuri kuliko mkoa huu. Mtangazaji anaweza kujitetea kwamba hotuba si yake, yeye ameirusha tu. Utetezi huo ndio ule wa mwandishi wa 1961 aliyeandika kwamba waziri ametangaza kifo. Maneno ya mkubwa yakipita bila swali, maikrofoni inakuwa ya mkubwa.

Tuendelee upesi. Tarehe 9 Aprili 1997 majeshi ya waasi wa AFDL yanaingia Lubumbashi, na tarehe 17 Mei, Kinshasa inapoanguka, Laurent-Désiré Kabila anajitangaza rais akiwa Lubumbashi. Zaire inakuwa Kongo tena. Kwa mara ya kwanza mtu wetu anaye rais anayeongea Kiswahili bila mkalimani. Januari 2001 rais huyo anauawa, mwanawe Joseph anarithi kiti. Mwaka 2006 nchi inapiga kura. Marais wawili wapya, na picha ya mawinguni imeondoka. Desturi ya kufungua taarifa kwa kusema Rais amempokea nani haijaondoka.

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa mlango mwingine. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ilifungua njia ya vituo binafsi, na Lubumbashi ilivipata kwa wingi. Ukitazama wenye vituo, hata hivyo, unakutana na nyuso zile zile za mikutano ya hadhara. Nyota, pamoja na Mapendo, vilikuwa vya Moïse Katumbi, gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015 na rais wa klabu ya TP Mazembe. Radio Télévision Lubumbashi Jua ilikuwa ya wakili na mwanasiasa Jean-Claude Muyambo. Mwanasiasa wa Katanga asiye na kituo alikuwa kama chifu asiye na ngoma.

Ukosoaji ni rahisi hapa, lakini tuwe waadilifu. Vituo hivi vilifanya mambo ambayo kituo cha serikali hakikuthubutu. Vilipeleka kamera mitaani, vikamhoji muuza mkaa kwa Kiswahili chake, vikawapa wapinzani nafasi ya kujibu. Mtangazaji aliyelelewa na serikali alipohamia huko alipumua. Tatizo lilikuwa jingine. Uhuru wake ulikuwa na urefu wa mkono wa tajiri wake. Aliweza kumuuliza kila mwanasiasa kila kitu, isipokuwa mmoja.

Tena kulikuwa na mshahara. Kongo nzima waandishi wanalijua neno coupage. Mkutano na waandishi unakwisha, maswali yamekwisha, na hakuna anayeondoka. Kamera zinafungwa taratibu kuliko ilivyo lazima. Mtu wa mawasiliano anatoka na karatasi ya majina, anaanza na vituo vikubwa, na bahasha zinapita mkono kwa mkono. Mgeni ataita hiyo rushwa. Mwenye kamera atakuuliza nani anamlipia teksi ya kurudi, na mshahara wa mwezi uliopita uko wapi. Wote wawili wana haki. Lakini anayetoa bahasha hatoi kwa huruma, na jioni habari yake inatangulia.

Ikaja miaka ya kulipa deni la siasa. Muyambo alijitoa katika muungano wa Rais Kabila mwaka 2014, na kituo cha Jua kikafungwa mwaka huo huo. Januari 2015 yeye mwenyewe akakamatwa. Katumbi alijiuzulu ugavana mwishoni mwa Septemba 2015 akaingia upinzani, na mwishoni mwa Januari 2016 Nyota na Mapendo vikafungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kodi. Upande wa vituo ukasema kodi imelipwa. Desemba 31 ya mwaka huo, wanasiasa walipotia saini mapatano ya Mtakatifu Silvesta chini ya maaskofu wa Kikatoliki, kufunguliwa kwa vyombo vya habari kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodaiwa. Kwa maneno mengine, waandishi wa Lubumbashi waligeuka kuwa kifungu katika mapatano ya watu wengine.

Tazama tofauti na zama za Mobutu. Zamani mwandishi alifukuzwa kwa alichosema. Mwaka 2016 mpiga picha, mhariri, fundi mitambo na msichana wa mapokezi walipoteza kazi kwa uamuzi wa mwenye kituo wa kuingia upinzani. Hakuna aliyewauliza wamesema nini. Mtangazaji wetu, tukisema naye alihamia kituo kimojawapo, angekuwa na miaka sitini na sita, mzee wa studio anayeamkiwa kwa heshima na vijana, na kazi yake ya miaka arobaini na minne ingefungwa na lakiri ya ofisi ya kodi ambayo haikujua hata jina lake.

Rais wa nne, Félix Tshisekedi, aliapishwa Januari 2019. Ni mtoto wa yule Tshisekedi ambaye kuchaguliwa kwake kulitumiwa kuwafukuza Wakasai. Katumbi alirudi nchini Mei mwaka huo, na Desemba 2023 akashika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais. Machi 2023 sheria ya vyombo vya habari ya 1996 nafasi yake ilichukuliwa na mpya. Wanasiasa wana vituo bado, na bahasha bado zinapita. Vijana wengi wameacha kungoja taarifa ya jioni, wanatazama siasa kwenye simu, ambako kila mwenye kamera ni mhariri wa nafsi yake na mara nyingi ana tajiri wake pia, ila hatajwi.

Nimemfuata mtu asiyekuwapo kwa sababu waliokuwapo hawajaandikwa. Huu ni upungufu wetu, na ni wa aibu. Tunaweza leo kusoma neno kwa neno jinsi waigizaji wa Mufwankolo walivyobishana mwaka 1986 juu ya mchezo mmoja, kwa kuwa mgeni alikuja na kinasa sauti na subira. Wale waliosoma habari jioni zile zile, waliobadilishwa majina, waliojaribu tai mwaka 1990, waliorusha au waliokataa kurusha hotuba za 1992, wako wachache na wanazidi kupungua. Wengine wanaishi Katuba, wengine Ruashi, wengine walipanda treni hawakurudi. Kama mmoja wao ni baba yako, mjomba au jirani, keti naye wiki hii na simu yako ikirekodi. Usimuulize kwanza kuhusu marais. Muulize siku ipi alipewa karatasi asome, na akafanya nini nayo.